Rili ya Laki na Ishirini

Jumapili, 17 Agosti 2025

Nimeanza shajara. Sababu: mke wangu Dorcas amechoka kunisikiliza, na mbwa hatuna.

Jana niliibiwa sangara. Mwizi ni rili yangu mwenyewe. Rili, yaani kile kigurudumu cha chuma kinachokaa kwenye fimbo ya kuvulia na kukunja mshipi, ule uzi wa ndoana. Yangu niliinunua mwaka 2009 kwa mzungu mmoja wa Capri Point aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao. Elfu kumi na mbili. Nimepiga hesabu: kila Jumamosi niliyovua imenigharimu shilingi kumi na nne na senti. Hakuna kitu Mwanza kinachopatikana kwa shilingi kumi na nne. Hata pole siku hizi ni ghali zaidi.

Lakini jana! Sangara kashika. Mkubwa, nilimwona mgongo. Nikazungusha mpini. Mpini ukazunguka, rili ikakoroma, mshipi haukuja. Nikazungusha tena. Kama nakoroga uji. Sangara akageuka, akanitazama (naapa), akakata mshipi, akaenda zake.

Na Kahigwa aliona yote! Kahigwa ni jirani yetu hapa Butimba, Mhaya wa Kagera, ana duka la vifaa vya ujenzi, na kila kitu chake ni kipya. Rili yake ni ya buluu. Ikikunja inalia taratibu kama saa ya ukutani. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika ziwa zima kama kile nilichoshika ni rili au mashine ya kusaga, maana kama ni mashine mkewe alete mahindi.

Tuna makubaliano, mimi na yeye. Kwenye mawe tunayovulia kuna moja bapa, tunaliita Meza. Lina kivuli, mbele yake kina kirefu, mbu hawafiki. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, mwenye samaki mzito kuliko mwenzake ndiye anayekaa Meza mwezi mzima unaofuata. Aliyeshindwa anakwenda kwenye magugu. Mimi nipo kwenye magugu tangu Aprili. Mbu wa pale wananijua kwa jina.

Jumamosi ya mwisho ni tarehe 30. Swali: nitengeneze rili, au ninunue mpya?

Jumatatu, 18 Agosti

Utafiti.

Nimeanza na Mhoja, fundi cherehani. Kafungua rili, kachungulia, kapiga mluzi. Nikajua bei imepanda. Akasema meno ya gia yamelika kama ya bibi yake. Anaweza kuniwekea gia ya cherehani iliyokufa. Elfu kumi na tano. Nikauliza dhamana. Akasema dhamana anayo Mungu, yeye ana bisibisi tu.

Nimekataa. Mimi ni mtu wa vipuri! Duka langu la vipuri vya baiskeli nililianza na spoku kumi na kopo la grisi, bila mjomba serikalini. Kama kuna kitu ninakijua duniani, ni kwamba kipuri cha chombo hiki hakikai kwenye chombo kile.

Nikaenda sokoni Makoroboi, kwenye duka la Noela. Anazo rili mpya kabatini, nyuma ya kioo, kama dhahabu. Nikashika moja, nyeusi yenye mpini wa fedha. Nikazungusha. Haikusema neno. Rili inayojua kunyamaza! Laki moja na ishirini. Nikamwambia mimi pia ni mfanyabiashara, tusidanganyane. Akasema ndiyo maana hanidanganyi, ni laki moja na ishirini.

Jioni nikapeleka ombi kwa Dorcas, ambaye ndiye hazina ya nyumba hii. Akauliza sangara ni shilingi ngapi kilo moja. Nikamwambia. Akasema basi hiyo rili ni kilo kumi na zaidi za minofu, imeshasafishwa, na mtu haumwi na mbu. Nikamwambia hiyo si hesabu ya kitaalamu. Akasema hesabu ya kitaalamu ni elfu thelathini, na hata hiyo anatoa kwa sababu ya ndoa.

Nina thelathini. Nahitaji tisini. Kuna watu walianza na kidogo zaidi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepiga hatua!

Nimempigia Ngosha, kaka yake Dorcas, yuko Misungwi, anafanya biashara ya ng'ombe. Nilimpata mnadani. Ng'ombe walikuwa wanalia, watu wanapigishana kelele za bei, lakini nikasema huyuhuyu, leo ana fedha mfukoni.

Nikamwambia shemeji, nina tatizo, mshipi ulikatika Jumamosi nikiwa navuta. Akasema nini? Nikarudia kwa nguvu. Akasogea mahali pengine, nikasikia ng'ombe wanapungua. Akauliza kwa sauti ya chini: tangu lini? Nikamwambia kukatika ni juzi, lakini imekuwa ikiteleza tangu mwaka juzi. Akasema, aisee. Akauliza ukivuta inakuwaje. Nikamwambia inazunguka tu, haishiki. Akasema, aisee, shemeji! Akauliza dada yake anasemaje. Nikamwambia Dorcas anasema kwa umri huu nisijisumbue, elfu thelathini inatosha.

Hapo Ngosha akakasirika. Akasema dada yake hana huruma, tangu utotoni. Akauliza wataalamu wanasemaje. Nikamwambia mmoja anataka kunibandikia ya cherehani, nimekataa, nataka kubadilisha yote, laki moja na ishirini. Nikamwomba jambo hili lisifike mbali. Akaniapia kwa wazazi wake.

Sikutegemea. Ngosha ni mtu ambaye kwenye harusi yangu alitoa sahani sita na akarudi kuchukua mbili. Nilikuwa simjui moyo. Kumbe ni mtu anayeelewa uvuvi.

Jumatano, 20 Agosti

Elfu hamsini kwenye simu! Kutoka kwa Ngosha. Na ujumbe: *Pole shemeji. Usione aibu. Wanaume wengi wanapatwa ila hawasemi.*

Kweli kabisa. Nimeusoma mara kadhaa. Nani amewahi kutuandikia hivyo sisi wavuvi wa ndoana? Watu wanaona samaki sahani, hawajui mtu alivyoteseka.

Themanini sasa. Bado arobaini.

Mpango: kuuza rili ya zamani. Nimeitangaza kwenye kundi la mtaa: *Rili ya kizungu, imara, haijawahi kulalamika.* Jibu moja tu. Kahigwa. Ameuliza kama inauzwa kwa kilo.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku ya ajabu. Nianze na asubuhi.

Nikiwa dukani nimebeba tairi mbili, anaingia Bernadetta, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Akapiga kelele, Baba Queen, weka chini! Akaninyang'anya tairi. Mama mwenye miaka sitini na ushee. Akasema katika hali yangu nisibebe hata jagi la maji. Akaniletea kiti, akanitazama kwa huruma, akaondoka akitikisa kichwa.

Nikafikiri: habari za yule sangara zimefika mbali.

Baadaye akaja mama muuza vitumbua, kaniongezea viwili bure, kasema pole, hata mume wa dada yake aliwahi. Nikauliza alikuwa na kilo ngapi. Akasema hajui, hawakumpima, walimpasua tu. Nikasema ndiyo, siku hizi wengi wanapasua bila kupima. Tukaelewana vizuri sana.

Halafu akaingia Kahigwa. Bila kucheka! Kofia mkononi. Akafunga mlango wa duka. Akasema, Baba Queen, mimi na wewe tunataniana kwenye mawe, lakini kuna utani na kuna mwili wa mtu. Akatoa bahasha. Yeye ndiye mweka hazina wa jumuiya. Wamechanga elfu sabini, na humo ishirini ni zake. Akasema baba yake naye alipasuliwa mshipa, akaishi miaka mingi na akazaa tena.

Nikasema asante. Halafu nikasikia neno lenyewe.

Mshipa.

Si mshipi. Mshipa! Ule ugonjwa wa wanaume, wa chini ya kitovu, ambao mtu hukohoa kwanza kabla ya kuutaja. Ngosha kule mnadani alisikia mshipa! Mshipa umekatika! Umekatika nikiwa navuta! Na akaniapia kwa wazazi wake, kisha akampigia mwenyekiti wa jumuiya.

Nikakumbuka yote niliyomwambia kuhusu kuteleza na kuzunguka. Nikaketi. Kahigwa akasema ndiyo, keti, usisimame muda mrefu. Akaongeza kwamba shemeji yake ni daktari, ameshanishikia nafasi Jumanne asubuhi, nitapimwa.

Nilitaka kusema ukweli. Mdomo niliufungua. Lakini ile bahasha ilikuwa mkononi mwangu, na kichwa changu kimezoea kujumlisha chenyewe bila kuniuliza. Thelathini, hamsini, sabini. Laki na nusu.

Nikafunga mdomo.

Alhamisi hiyohiyo, baada ya chakula

Dorcas amerudi akiwa ameshayapata kwa Bernadetta. Akasimama mlangoni. Akauliza mshipa gani. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Alichekea kanga, akachekea mto, akaenda jikoni nikamsikia anachekea masufuria. Queen, binti yetu, akauliza mama ana nini. Nikasema ni kichwa.

Halafu akarudi hana hata tabasamu. Akasema jumuiya inakutana Jumapili hapahapa kwetu. Nisiposimama mimi kusema, atasimama yeye. Na fedha za watu zirudi zote.

Nikamwambia bila shaka. Jumapili ni Jumapili.

Hakuuliza kuhusu Ijumaa na Jumamosi.

Ijumaa, 22 Agosti

Hesabu ya leo, naiandika ili nisije nikaitwa mwizi. Rili mpya ikinipa sangara mmoja wa maana, nyama nauza, na bondo lake, kile kibofu cha hewa cha tumboni, nauza kando, maana wanunuzi wa mabondo wanalilia kama almasi. Fedha zote zinarudi kabla ya Jumapili, na rili inabaki. Huo si wizi. Huo ni mkopo wa muda mfupi ambao mkopeshaji hajaarifiwa.

Noela alipunguza mpaka laki na kumi na tano. Nilimwambia naumwa.

Ni nzuri! Nimeizungusha bila mshipi, nimeizungusha na mshipi. Kuna kitufe: ukikisukuma, samaki akivuta inalia trrrrr kukuamsha. Kitu chenye akili kuliko watu wawili ninaowafahamu.

Balaa la jioni: jumuiya imekuja kuniombea. Bila taarifa! Nilikuwa kitandani naiangalia rili, nikasikia hodi na nyimbo kwa pamoja. Nikaivuta ndani ya blanketi. Chumba kikajaa. Bernadetta akaketi kitandani, upande wa miguu yangu. Juu ya mshipi.

Wakati wa sala ya ukimya, akajisogeza.

Trrrrrrr.

Chumba kizima kikafumbua macho. Bernadetta akauliza kwa upole kama ni tumbo. Nikasema ni upepo. Mzee Pius, mkongwe wetu wa jumuiya, ambaye huwa hasemi, akasema ndiyo, ugonjwa huu una upepo mwingi. Alisema kama mtu anayejua. Bernadetta akajisogeza tena. Trrrrrrrrr! Wakaanza fungu jingine la sala, la nguvu zaidi. Dorcas alikuwa pembeni, ameuma ncha ya kanga, mabega yanatetemeka. Wenzake walidhani analia, wakamshika mikono.

Kahigwa hakufumba macho tena mpaka mwisho. Alikuwa anatazama blanketi.

Jumamosi, 23 Agosti

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Mgonjwa hawezi kuonekana kwenye mawe ya Butimba. Kwa hiyo nimemwambia Dorcas nafuata mzigo wa spoku, nikapanda gari mpaka Kigongo. Watu wa kule hawanijui wala hawajui mishipa yangu. Daraja la Busisi limelala juu ya maji kule mbele, magari yanapita, mimi chini kwenye mawe na chambo cha furu hai, vile visamaki vya ziwani.

Saa nzima hakuna kitu. Nikaanza kuona sura ya Dorcas majini. Halafu: trrrrrrr!

Nikavuta. Rili ikashika. Hii inashika! Sangara akaenda kulia, nikamwachia kidogo. Akaja, nikakunja. Akaruka juu nje ya maji, kinywa wazi kama mlango wa duka, nikapiga kelele ambayo sijapiga tangu Queen azaliwe. Watu wakaja kutazama. Nikamkokota mpaka mchangani. Kilo kumi na nne! Kwa mizani ya mama mmoja mnunuzi, si ya kwangu.

Nikambeba begani. Nikacheza. Naam, nilicheza, mguu huu na mguu ule, na sangara shingoni. Yule mama mnunuzi alinipiga video, akasema mzee una nguvu! Akalipa vizuri, nyama na bondo: laki moja na hamsini na sita. Nikalipia nauli nikibaki na tabasamu.

Jumlisha mwenyewe. Nikirudisha laki na ishirini za watu, nabaki na za kwangu na rili mpya kabisa. Nani aliyesema uaminifu haulipi? Kesho nitasimama, nitasema ukweli, nitarudisha kila senti, watanipigia makofi, na tarehe 30 nakwenda kumtoa Kahigwa Meza.

Jumapili, 24 Agosti

Naandika mkono ukiwa mzito.

Video imenitangulia. Yule mama aliiweka kwenye kundi la wauza samaki, likaipeleka kwenye kundi jingine, na hadi misa ya kwanza inakwisha kila simu ya Butimba ilikuwa na mimi, sangara shingoni, nainua mguu huu na ule.

Jumuiya ikajaa sebuleni. Nikakohoa nianze. Bernadetta akaniwahi. Akasimama, machozi yanamtoka. Akasema ndugu zangu, Ijumaa tulimwombea mtu hawezi kugeuka, tulisikia kwa masikio yetu upepo ukimtoka, na Jumamosi huyu hapa amebeba kilo kumi na nne anacheza! Vigelegele! Wimbo! Mama muuza vitumbua akanikumbatia.

Nikaona mlango. Mlango mpana kabisa. Nilichotakiwa ni kusema amina.

Nikamtazama Dorcas. Hakukunja uso wala nini. Alivua tu ndala moja, akaishika, akaiweka pajani.

Nikasimama. Nikasema ndugu zangu, haukuwa mshipa. Ulikuwa mshipi. Wa kuvulia.

Nilisikia jokofu la jirani.

Nikaeleza. Mnada, ng'ombe, Ngosha, bahasha, rili, blanketi. Nilipofika kwenye blanketi Bernadetta akasema, ule upepo? Nikasema ni kitufe, mama mwenyekiti. Halafu pua yake ikaanza kucheza, akapasuka kicheko, na nyumba nzima ikamfuata. Kahigwa alitoka nje kuchekea uani, akarudi, akatoka tena.

Nikatoa fedha, nikaziweka mezani kwa heshima, nikasema sasa tumelipana. Hapo Kahigwa akafuta macho na kuvaa sura ya mweka hazina. Akasema subiri kidogo. Rili imenunuliwa na fedha za nani? Nikasema kwa sehemu kubwa za jumuiya, lakini nazirudisha. Akasema, wewe ni Msukuma, tuongee kwa lugha ya ng'ombe. Jumuiya ikikupa fedha, ukanunua ng'ombe, ng'ombe ni wa nani? Nikasema wa jumuiya. Akizaa, ndama ni wa nani?

Nilijua ninakopelekwa na sikuweza kurudi. Jambo la ng'ombe siwezi kulidanganya.

Wa jumuiya, nikasema.

Basi rili ni ng'ombe, sangara ni ndama, akasema, na watu wakapiga makofi. Fedha zote za samaki kwenye mfuko. Rili kwenye mali ya jumuiya, pamoja na masufuria na turubai. Na mali ya jumuiya inatunzwa na nani? Na mweka hazina!

Nikataka kukata rufaa. Ndipo Mzee Pius akanyanyua mkono. Tulidhani anataka maji. Akasimama kwa kushika kiti. Akasema, taratibu sana, kwamba wa kwake ni mshipa kweli. Miaka mitatu sasa. Hakuwahi kusema kwa sababu ya aibu, mjane mzee, amwambie nani? Lakini Ijumaa alipoona watu wazima wamekuja kuuombea mshipa wa mtu bila kucheka, alirudi nyumbani akalala vizuri.

Hakuna aliyecheka. Bernadetta akaenda kuketi karibu naye. Kahigwa akazisukuma fedha zote za mezani upande wa Mzee Pius, akasema na ile nafasi ya Jumanne kwa daktari ni ya mzee, na gari atatoa yeye.

Nilikuwa na hoja tatu za rufaa. Nilizimeza. Hata nilitoa elfu tano ya mfukoni, sijui kwa nini.

Walipoondoka, Dorcas alinipekua. Zilizobaki akasema ni za kuanza kumlipa kaka yake, nyingine atazikata kwenye matumizi yangu. Akaniachia elfu kumi na tano. Akanikanda bega, lile la sangara. Akasema nilicheza vizuri kwenye ile video.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemsindikiza Mzee Pius hospitali. Atapasuliwa wiki ijayo, daktari anasema ni jambo dogo. Mzee amecheka njia nzima, tumegundua ni mtu wa vituko.

Nilitumia nafasi hiyo. Kahigwa amesema mali ya jumuiya haiazimishwi mgonjwa. Nikitaka rili Jumamosi nilete cheti kwamba nimepona. Nikamwomba daktari cheti. Akauliza nilikuwa naumwa nini. Nikasema siumwi. Akasema hawezi kuandika kwamba mtu ambaye hajaumwa amepona. Nikamwambia basi andika naumwa, halafu niandikie nimepona. Akamwita mgonjwa mwingine.

Nikapita kwa Mhoja. Elfu kumi na tano. Gia ya cherehani. Sina la kufanya.

Jumamosi, 30 Agosti

Mikono inanuka samaki na siwezi kuacha kucheka.

Kahigwa alikuja na rili mbili: ya buluu yake, na nyeusi ya jumuiya, anaipa hewa, anasema. Akakaa Meza kama askofu. Mimi kwenye magugu na ile kongwe. Ikikunja inasema ta-ta-ta-ta kama inashona sare za shule. Aliniuliza kama namshonea sangara suruali. Nikatupa ndoana tena.

Akapata wa kilo sita, kwa ile nyeusi. Akampima mara tatu, kila mara kwa sauti.

Jua likianza kushuka, nami nikashikwa. Ta-ta-ta-ta. Nikasubiri iteleze. Haikuteleza! Ta-ta-ta-ta-ta! Gia ya cherehani iling'ata kama mbwa wa polisi. Kahigwa alisimama. Alisema kitu kwa Kihaya. Nikamtoa: kilo saba na robo! Kahigwa akapima, akapima, mara ya tatu akasema mizani yake imechoka. Halafu akanyanyua vitu vyake bila kuambiwa, akanipisha, akanipa mkono. Akasema Septemba njema, Baba Queen. Ni mtu mzuri, nikishinda.

Nimekaa Meza! Miguu imening'inia, hakuna mbu. Na pale ndipo nilipoona wazi kosa langu la wiki hizi mbili. Kununua mpya ni ujinga. Kutengeneza ndiyo akili! Elfu kumi na tano imeshinda laki moja na kumi na tano. Basi zile rili mbovu zote zilizotupwa mji huu ni fedha tupu.

Nikarudi kupitia kwa Mhoja. Anajua hoteli moja iliyofungwa ambayo ina gunia zima. Rili kumi na moja. Laki moja na arobaini kwa zote, nilipe Jumatano, gunia tumeshalichukua. Gia za cherehani atatafuta. Nitauza moja elfu sitini. Zidisha mwenyewe! Ni lazima tu nipate laki moja na arobaini kabla ya Jumatano, jambo ambalo kwa mtu mwenye ndugu na majirani kama wangu halina ugumu.

Dorcas ananiita kutoka mlangoni. Anauliza gunia hili la vyuma ni la nani.

Nimemjibu ni la jumuiya.